Ulimi, Kipimo na Neno: Somo Nililolifundisha Mara Mbili

Walimu wanafunzi wengi hudhani kwamba somo lililoharibika ni lile ambalo darasa lilipiga kelele, au chaki ilikwisha, au kengele ililia kabla mwalimu hajafika mwisho wa maandalio yake. Mimi nalijua somo lililoharibika kwa namna nyingine. Darasa lilikuwa kimya, ubao ulipangika, shabaha zote zilitimia kama zilivyoandikwa, na lau mkaguzi angalipita siku ile angaliandika neno la sifa. Somo hilo nililifundisha mimi mwenyewe katika shule moja ya msingi hapa Mombo. Ilinichukua miezi kadhaa, pamoja na usiku mmoja wa hofu nyumbani kwa kaka yangu, kutambua kwamba liliharibika. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi lilivyoharibika na jinsi nilivyolifundisha tena, kwa matumaini kwamba wewe, ndugu msomaji, utakapoanza kazi utaharibu masomo mengine, lakini si hili.

Asiyeijua Mombo na aelewe kwamba ni mji mdogo chini ya milima ya Usambara, mahali ambapo barabara ya kwenda Soni na Lushoto inaachana na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na tangu hapo Mombo imekuwa mlango wa milima. Huku chini kuna joto, mkonge na mpunga. Kule juu kuna baridi, ukungu na matunda. Plamu, pichesi na peasi hushushwa kutoka milimani na kuuzwa kituoni kwa abiria wa mabasi. Watoto wengi ninaowafundisha wamekulia kando ya mabeseni ya matunda. Kwa kulitazama tunda tu, na kulibonyeza kidogo kwa kidole gumba, hujua lipi limeiva vema na lipi limechumwa kabla ya siku zake. Hao ndio niliojitia kuwafundisha habari za ulimi.

Mada ilikuwa Milango ya Fahamu, Darasa la Sita. Nilichora ubaoni ulimi mkubwa, nikaugawa kwa chaki za rangi kama ramani ya mikoa: ncha ni ya utamu, pembe za mbele ni za chumvi, pembe za nyuma ni za uchachu, na shina la ulimi ni la uchungu. Ndivyo nilivyofundishwa mimi nilipokuwa mtoto, na ndivyo kilivyosema kitabu nilichokitegemea. Wanafunzi walinakili. Kisha mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye mama yake huuza matunda kituoni, alinyoosha mkono.

“Mwalimu, samahani,” alisema. “Jana nililamba ndimu kwa ncha ya ulimi, nikausikia uchachu palepale kwenye ncha.”

Nilimjibu bila kufikiri, “Mwanangu, umekosea. Uchachu husikika pembeni. Soma ubaoni.”

Darasa likacheka. Yule mtoto akaketi, akaandika kama wenzake. Katika zoezi alipata alama zote. Lakini tangu siku ile hakunyoosha mkono tena katika somo la Sayansi, wala mimi sikugundua. Kwani mkono ambao haunyooshwi hauna kelele.

Mwezi wa Desemba shule zilipofungwa nilipanda Soni kusherehekea Krismasi kwa kaka yangu. Kaka ana maradhi ya kisukari. Kliniki walimpa vidonge vya kushusha sukari mwilini, wakamwambia apunguze vyakula vya sukari na ale kwa saa zilizopangwa. Kaka aliyapokea maagizo hayo kwa namna yake, akaufanya ulimi kuwa bawabu. Kilicho kitamu hakikupita: chai aliinywa bila sukari, soda aliikataa, hata ndizi mbivu aliisogeza pembeni. Kisicho kitamu kilipita bila kuulizwa, ndiyo maana ugali alikula mlima mzima, akisema, “Ugali una utamu gani?”

Siku hiyo mgeni mmoja alileta chupa ya divai nyekundu. Kwenye karatasi yake iliandikwa kwa Kiingereza kwamba divai hiyo ni kavu. Watoto waliposikia hivyo waliangua kicheko, maana hawajapata kuona kitu cha majimaji kikaitwa kikavu. Kaka akaonja, akakunja uso.

“Kavu maana yake haina sukari,” akasema. “Na ulimi wangu ni shahidi. Hii ni chungu kama mwarobaini. Leo nami nitakunywa kama watu wengine.”

Shemeji akaonja kidogo. “Mbona mimi naisikia utamu kwa mbali?”

Wakabishana kwa mzaha, hata kaka akanigeukia. “Mdogo wangu, wewe ndiwe unayefundisha sayansi. Amua.”

Nilionja, nikaikumbuka ile ramani yangu ya ubaoni, nikatoa hukumu mbele ya jamaa wote: “Kaka amesema kweli. Kisicho kitamu hakina sukari, na kisicho na sukari hakiwezi kukudhuru.” Ndugu msomaji, katika sentensi hiyo moja fupi mna makosa mawili, na yote mawili yalitamkwa kwa sauti ya mwalimu.

Mbuzi alichelewa kuiva. Kaka alikuwa amekwisha meza vidonge vyake kama kawaida, akanywa bilauri mbili tumbo likiwa tupu, na chakula kilipofika alikula kidogo tu. Usiku alianza kutoka jasho, mikono ikatetemeka, maneno yakamtoka yamepindana. Sisi tulidhani amelewa. Mmoja wetu alisema aachwe alale, usingizi utamponya. Shemeji ndiye aliyekataa. Alikuwa amewahi kuambiwa kliniki kwamba dalili kama hizo zaweza kuwa za sukari kupungua mno mwilini. Kwa kuwa kaka alikuwa bado macho na aliweza kumeza, alimnywesha maji yenye sukari nyingi. Baada ya muda si mrefu akatulia, akatutambua, akala. Asubuhi tulimpeleka hospitali.

Muuguzi alitueleza kwa upole. Mtu anapokaa bila kula, ini hutoa sukari ya akiba ili mwili usipungukiwe. Kileo hulizuia ini kufanya kazi hiyo. Mgonjwa aliyemeza vidonge vya kushusha sukari, akanywa kileo bila kula, huweza kushuka sukari hadi apoteze fahamu, na watu wakadhani ni ulevi. Alituonya pia kwamba aliyekwisha zimia asimiminiwe kitu chochote kinywani, maana kitamwingia mapafuni. Huyo hukimbizwa hospitali. Hatari ya kaka, basi, haikutokana na sukari iliyokuwamo katika divai, bali na jambo jingine kabisa ambalo ulimi hauna habari nalo.

Tulipokuwa tukirudi kaka alinishika bega, akasema, “Mdogo wangu, hukumu yako ilikuwa nzuri, ila ilibaki kidogo unizike.” Nilicheka naye, lakini moyoni nilikuwa na aibu. Nilimkumbuka yule mtoto wa ndimu. Nilikuwa nimeuliza ramani mahali ambapo ilinipasa kuuliza ndimu.

Likizo iliyobaki niliitumia kusoma. Naomba nieleze kwa ufupi niliyojifunza, kwani mwalimu hawezi kulitengeneza somo bila kwanza kuijua mada yake.

Jambo la kwanza ni maana ya divai kavu. Maji ya zabibu zilizoiva yana sukari nyingi, mara nyingi gramu 200 na zaidi katika lita moja, na sehemu kubwa ni za aina mbili ziitwazo glukosi na fruktosi. Maji hayo yanapochachuka, hamira hula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ya kabonidioksidi. Kwa kadirio, kila gramu 17 za sukari katika lita huzaa asilimia 1 ya kileo. Kwa hiyo divai yenye kileo cha asilimia 13 ilitokana na maji yenye gramu 220 hivi. Hamira ikila karibu sukari yote, divai huitwa kavu. Ikizuiwa kabla haijamaliza, divai hubaki na utamu. Neno “kavu”, basi, halina maana ya kukosa maji. Lina maana ya kukaukiwa sukari.

Je, huwa imekauka kabisa? La hasha. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, divai kavu yaruhusiwa kubaki na sukari hadi gramu 4 katika lita, na yaweza kufika gramu 9 ikiwa asidi yake ni nyingi kiasi cha kulingana nayo. Kwa hiyo kaka alikosea aliposema haina sukari hata chembe, ingawa iliyokuwamo ni kidogo mno ukilinganisha na soda ya kawaida, ambayo ina gramu 100 hivi kwa lita.

Jambo la pili ndilo lililonishangaza. Ukichukua divai mbili nyekundu kavu, moja yenye gramu 3 za sukari na nyingine gramu 8, ulimi waweza kabisa kusema kwamba ile ya gramu 3 ndiyo tamu zaidi. Sababu ni nyingi. Asidi huufunika utamu. Tanini, zitokazo katika maganda na kokwa za zabibu, hutia kinywani ukakasi kama wa ndizi mbichi, na mnywaji huuhesabu ukakasi huo kuwa ni kukosa sukari. Kileo chenyewe kina utamu kidogo. Gliseroli, ambayo huzaliwa wakati wa kuchachuka, nayo ina utamu ingawa haihesabiwi kuwa sukari. Harufu ya matunda yaliyoiva huidanganya akili ikadhani imeonja utamu. Hata joto lina sehemu yake, kwani kinywaji kilichopozwa sana huonekana hakina utamu kama kile kile kikiwa vuguvugu. Zaidi ya hayo, sukari zenyewe hazilingani: fruktosi ni tamu kuliko sukari ya mezani, na glukosi haiufikii utamu wa sukari hiyo. Hivyo shemeji na kaka walionja chupa moja na kila mmoja alisema kweli ya ulimi wake. Mwongo nilikuwa mimi, niliyetoa hukumu ya kipimo pasipo kipimo.

Nchini mwetu jambo hili si geni. Wakulima wa zabibu wa Dodoma, ambao kwa hali ya hewa ya kwao huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, hawauzi divai kavu peke yake. Zipo pia divai tamu. Mtu aliyezoea ile tamu akionjeshwa ile kavu huiita kali au chungu, na aliyezoea ile kavu huiona ile nyingine kama sharubati. Ulimi hupima kwa kulinganisha na mazoea yake.

Jambo la tatu lahusu ramani ya ulimi. Ilitokana na utafiti wa Mjerumani David Hänig uliochapishwa mwaka 1901. Yeye aliona tofauti ndogo tu baina ya sehemu za ulimi katika wepesi wa kuhisi ladha. Mwaka 1942 Mmarekani Edwin Boring aliyachora upya matokeo hayo katika kitabu chake, na kwa jinsi alivyoyachora wasomaji walidhani kwamba kila sehemu ina ladha yake na haijui nyingine. Mwaka 1974 Virginia Collings alipima tena, akaona kwamba tofauti zipo lakini ni ndogo. Kila sehemu ya ulimi yenye vionjio huhisi utamu, chumvi, uchachu na uchungu. Maana yake ni kwamba nilipomwambia yule mtoto “umekosea”, kosa lilikuwa limesahihishwa na wataalamu miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Yeye alilisahihisha kwa ndimu moja.

Shule zilipofunguliwa Januari nililirudia somo, ingawa darasa lilikuwa limekwisha kuvuka mada hiyo. Sikutaka kutumia divai. Kileo hakina nafasi katika shule ya msingi, na wengi wa wanafunzi wangu ni Waislamu, ambao kwao ni haramu. Tena hapakuwa na haja. Kanuni niliyotaka waione ilikuwa imelala katika sukari, maji na ndimu.

Nilianza kwa kusema mbele ya darasa zima, “Mwaka jana niliwafundisha kosa. Mwenzenu mmoja aliliona, nami nikamnyamazisha. Leo tutapima, naye ndiye atakayekuwa mkuu wa meza ya kwanza.” Nikamtaja jina. Darasa halikucheka.

Tulichukua chupa nne za plastiki zilizokatwa shingo, tukaziandika A, B, C na D. Katika A, B na C tulitia vijiko vinne vikubwa vya sukari kila moja. Katika D vijiko viwili tu. Kisha B tukaikamulia ndimu mbili na C ndimu nne. Zote tukazijaza maji ya kunywa hadi alama moja, tukakoroga mpaka sukari ikayeyuka. Kazi hii niliifanya na wanafunzi wawili nyuma ya darasa, ili wengine wasijue kilichomo. Kila mwanafunzi alionja kwa kijiko chake, akasukutua kwa maji baada ya kila chupa, akaandika mpangilio wake kutoka yenye sukari nyingi hadi yenye sukari kidogo, bila kumwonyesha jirani.

Karibu wote waliiweka A juu na C chini kabisa. Wengi waliandika kwamba D ina sukari kuliko C. Nilipowaambia kwamba C ina sukari mara mbili ya D, palizuka mabishano ambayo sijapata kuyasikia katika somo langu lolote. Mmoja alisema waziwazi, “Mwalimu, unatuambia tukikanushe kinywa chetu?”

“Hapana,” nilimjibu. “Kinywa chako kimesema kweli kuhusu utamu. Swali letu lilihusu sukari.”

Ndipo tulipotengeneza kipimo. Mrija mrefu wa kunywea soda huzibwa upande mmoja kwa nta na kutiwa mchanga kidogo, hata uweze kuelea wima. Katika maji matupu huzama hadi alama fulani. Katika maji yenye sukari huinuka, kwa kuwa maji hayo ni mazito zaidi kwa ujazo uleule. Tuliutia mrija katika kila chupa na kuupiga alama kwa kalamu. Katika A, B na C uliinuka karibu sawasawa. Katika D uliinuka kama nusu tu. Tofauti ilikuwa ya milimita chache, lakini kila aliyetazama aliiona. Watengeneza divai hutumia chombo cha namna hii kilichotengenezwa kwa kioo, kiitwacho haidromita.

Ningalikomea hapo ningalikuwa nimeubadili mungu mmoja kwa mwingine, yaani nimeuondoa ulimi na kuuweka mrija. Kwa hiyo siku ya pili niliazima kutoka shule ya sekondari dawa ya rangi ya buluu iliyobuniwa na mkemia wa Kimarekani, Stanley Benedict, mwanzoni mwa karne ya 20. Ikipashwa moto pamoja na glukosi au fruktosi hugeuka kijani, njano, na hatimaye rangi ya matofali. Nilitia dawa hiyo katika maji ya sukari ya dukani, nikaipasha ndani ya sufuria ya maji ya moto, nikangoja rangi ya matofali. Ikabaki buluu. Darasa likacheka, na sauti moja ikatoka nyuma, “Sukari haina sukari!”

Zamani ningalikasirika, au ningalisema dawa imeharibika. Safari hii nilisema, “Sijui kwa nini. Andikeni tulichokiona. Kesho nitaleta jibu, na atakayelipata kabla yangu aje nalo.”

Jibu ni kwamba sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi zilizofungamana, na zikiwa zimefungamana dawa hii haizitambui. Kesho yake tuliichemsha sukari pamoja na maji ya ndimu kwa dakika kadhaa ili kulifungua fungo hilo, tukatia magadi kidogo ili kuua uchachu, kisha tukatia dawa. Rangi ikabadilika. Maji ya plamu iliyoiva yalibadilika mara moja, bila kuchemshwa na ndimu kwanza. Kuhusu mrija pia niliwaeleza udhaifu wake: katika kinywaji chenye kileo hudanganya, kwa kuwa kileo ni chepesi kuliko maji, nacho hukificha kiasi cha sukari. Divai kavu kwa kawaida huwa nyepesi kuliko maji, ingawa haikosi sukari.

Mwisho nilimpa kila mwanafunzi tonge dogo la ugali, alitafune polepole bila kumeza hadi nihesabu mia moja. Walianza kutazamana. Utamu ulikuwa unatokea mahali ambapo haukuwapo, kwa kuwa mate huanza kuugeuza wanga wa ugali kuwa sukari. Nikawasimulia habari za mgonjwa mmoja wa kisukari aliyeufanya ulimi kuwa bawabu, ambaye ugali ulimpita bila kuulizwa. Sikuwaambia kwamba alikuwa kaka yangu. Wanafunzi watatu walisema kwamba nyumbani kwao yuko mgonjwa kama huyo.

Somo lilipokwisha yule mtoto wa ndimu alibaki. Aliniuliza kama ile misheni ya Wabenedikti iliyo karibu na Soni, panapotengenezwa divai, iliitwa Sakharani kwa sababu ya sukari. Tulitafuta pamoja. Jina hilo latokana na lakabu ya ofisa wa Kijerumani Tom von Prince, aliyekuwa na shamba huko na aliyefariki katika mapigano ya Tanga mwaka 1914. Watu walimwita Bwana Sakarani, na sakarani ni neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya mlevi. Sukari nalo latoka Kiarabu, lakini ni neno jingine. “Kumbe hata sikio hudanganya kama ulimi,” alisema. Nilimwambia aliandike hilo daftarini mwake, nami nikaliandika katika langu.

Walimu wenzangu, kutokana na somo hili ningependa kuwaachia mambo manne.

Kwanza, lichunguzeni neno kabla ya kuifundisha mada. Katika Kiswahili “tamu” hubeba mzigo mkubwa: sukari ni tamu, wali wa nazi ni mtamu, na hadithi ni tamu. Mtoto anaposema kitu si kitamu, muulize anakusudia nini. Nusu ya kosa langu ilikuwa kuliachia neno moja lijibu maswali matatu: je, ni kitamu? Je, kina sukari? Je, ni salama kwa mtu huyu? Swali la kwanza hujibiwa na ulimi, la pili na kipimo, na la tatu na mganga anayemjua mgonjwa.

Pili, msiudharau ulimi. Ulimi ni zana ya kwanza ya sayansi aliyonayo mtoto, na hainunuliwi. Lakini kila zana ina swali lake, na mtoto hufunzwa sayansi anapoonyeshwa zana inapokomea, iwe ulimi, mrija au dawa ya buluu.

Tatu, onjesheni vitu vya chakula safi mnavyovijua, kwa kijiko cha kila mmoja. Na kazi ya moto aifanye mwalimu.

Nne, mwanafunzi anapopingana na kitabu, msikimbilie kukitetea kitabu. Kitabu kina watetezi wengi, na mtoto ana mkono wake mmoja tu. Mwambieni, “Lete ndimu, tuonje sote.” Ikiwa amekosea, ndimu itamwambia kwa upole kuliko ninyi. Ikiwa hakukosea, mtakuwa mmeliokoa darasa.

Kaka bado yu hai, ashukuriwe Mungu. Hapo penye chupa huniuliza sikuzote, kwa sauti ya kunichokoza, “Mwalimu, amua.” Nami humjibu kwamba hukumu hiyo si yangu, aile kwanza chakula chake, kisha akaulize kliniki. Yule mtoto sasa yuko sekondari. Kabla hajaondoka alinyoosha mkono mara nyingi, na mara nyingine alikosea kabisa, nami nilifurahi kila mara kuuona.